Nani Anauliza Swali? Juu ya Idhini ya Ndani ya Maandiko Dhana ya Utafiti Vyuoni

Suala la utafiti mara nyingi hujadiliwa kama suala la fedha. Inasemwa kwamba nchi yetu haina utafiti wa kutosha kwa sababu haina fedha za kutosha, na kwamba zikipatikana fedha utafiti utapatikana. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini inaficha jambo kubwa zaidi. Kabla ya fedha kutoka, kuna swali linaloandikwa. Na kabla swali halijaandikwa, kuna mtu aliyeamua kwamba hilo ndilo la kuulizwa na mengine yasubiri. Makala hii inahusu hatua hiyo ya mwanzo kabisa, ambayo makada wengi hawaijui na wanavyuo wengi huiona kuwa ni kazi ya makarani: hatua ambapo chuo kikuu hulipitia andiko dhana la mtafiti wake na kuliidhinisha kabla halijapelekwa kwa mfadhili.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Mfadhili, mara nyingi wa nje, hutangaza mwito. Mwito una mada, una kiwango cha fedha, una tarehe ya mwisho, na wakati mwingine una sharti kwamba kila chuo kilete andiko moja tu au mawili. Mtafiti huandika kurasa chache kwa Kiingereza: tatizo ni nini, atafanya nini, pamoja na nani, kwa gharama gani. Andiko hupita kwa mkuu wa idara, hupanda kwa Amidi au Rasi wa Ndaki, kisha hufika kwenye kurugenzi inayosimamia utafiti. Huko huandikishwa, bajeti hukaguliwa, asilimia itakayobaki chuoni kwa gharama za uendeshaji hutazamwa, ahadi za chuo kuchangia ofisi, magari au muda wa wahadhiri hupimwa. Halafu barua ya kuunga mkono hutiwa saini na muhuri. Andiko likipita kwa mfadhili ndipo mtafiti huombwa andiko kamili. Kamati ya maadili na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia huja baadaye, wakati swali limeshakauka kama saruji.

Ndugu msomaji, ichukue kila saini katika safari hiyo uiulize inathibitisha nini. Ya mkuu wa idara inathibitisha kwamba mhadhiri hataacha vipindi vyake. Ya Rasi inathibitisha kwamba ndaki haitadaiwa kitu isichonacho. Ya kurugenzi inathibitisha kwamba hesabu zinajumlika na kwamba andiko linalingana na mada ya mwito. Hakuna hata moja inayothibitisha kwamba swali lenyewe limetakiwa na mtu yeyote nje ya mwito huo. Chekeche limeshikwa na mikono mingi, lakini linachekecha karatasi. Na kwa kuwa mwito mara nyingi huwafikia watu ukiwa umebakiwa na siku chache, saini zenyewe hukimbizwa korido hadi korido siku ya mwisho, na anayetia saini hana muda wa kusoma hata kama angependa kusoma.

Mtu aliyefundishwa itikadi hawezi kuishia kusema kwamba wahadhiri wetu wana kasumba. Wapo wenye kasumba, kama walivyopo kila mahali, lakini mambo haya yana mizizi katika hali halisi. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa machapisho, na machapisho yanataka fedha za kwenda shamba na maabara. Chuo nacho kinaihitaji ile asilimia ya uendeshaji. Tena asilimia yenyewe haigawiwi kwa haki. Kwa miaka mingi Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliwalipa wapokeaji wa nje ya nchi yao asilimia 8 tu kwa gharama hizo, wakati vyuo vikubwa vya Marekani kwenyewe vilikuwa vikilipwa zaidi ya asilimia 50. Matokeo yake ni nini? Chuo cha kwetu kinalazimika kubeba miradi mingi zaidi ili kulipia umeme na ulinzi wa majengo yale yale. Hapo kukataa andiko kunakuwa kukataa mapato. Hakuna chombo ndani ya chuo chenye maslahi ya kusema hapana, na kamati isiyo na maslahi ya kusema hapana haiwezi kuitwa kamati ya idhini, hata ikikutana kila Jumatano.

Hali haikupangwa hivyo tangu mwanzo. Chuo chetu cha kwanza kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1968 Serikali iliunda Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, lililojulikana kwa jina fupi na zuri la UTAFITI, ili nchi ipange yenyewe inataka kujua nini. Sheria Na. 7 ya 1986 ikaliondoa Baraza hilo na kuweka Tume ya Sayansi na Teknolojia. Azimio la Arusha lilikuwa limeshaonya mwaka 1967 juu ya kuifanya fedha ya wengine kuwa msingi wa mipango yetu. Lakini mabaraza na tume huundwa kwa sheria, na utafiti hulipwa kwa bajeti. Bajeti ilipokauka katika miaka ya 1980, mipango ya kitaifa ya utafiti ilibaki kwenye makabati, na wahadhiri wakaenda kufanya ushauri wa kitaalamu kwa mashirika ya nje, ambako swali huja limeandikwa tayari na mhadhiri hukodishwa kulijibu.

Ubovu wa kutegemea hivyo haukuja kuonekana kwa nadharia. Machi 2021 shirika la Uingereza linalogawa fedha za utafiti, UKRI, lilitangaza kwamba kupunguzwa kwa misaada ya nchi hiyo kumeliacha na pengo la pauni milioni 120 kati ya fedha ilizopewa na ahadi ilizokwisha kutoa kwa miradi ya kimataifa. Miradi ikakatwa katikati. Januari 2025 Serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na Mei mwaka huo Taasisi zake za Afya zikaacha kutoa ruzuku mpya ambazo vyuo vya Marekani hugawia washirika wa nje. Hakuna mkulima wala mgonjwa wa Afrika Mashariki aliyeulizwa. Jambo la kujifunza hapa linazidi habari ya fedha kukatika. Siku fedha zilipokatika, katika idara nyingi maswali nayo yalikatika. Kama swali lingekuwa letu, tungebaki nalo tukitafuta njia nyingine ya kulijibu, hata kwa unyonge. Lililoondoka na mwenye fedha halikuwa letu.

Nitatoa mfano wa namna swali la awali linavyoamua jibu, na nimeuchagua mfano wa kusini kwa sababu unatugusa sisi wenyewe, siyo mabeberu peke yao. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna kiasi cha tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi kama tani 16,500. Huo ni mporomoko wa zaidi ya sehemu nane katika kumi, katika zao lililokuwa likiwalisha wakulima wa Mtwara, Lindi na Pwani. Kituo cha utafiti cha Naliendele, kwa msaada wa Uingereza, kiliifanya kazi kubwa na ya heshima: kilipambana na ugonjwa wa ubwiriunga, kikaonyesha namna ya kupuliza salfa, kikachagua mikorosho bora na kuisambaza. Mavuno yakapanda tena kuvuka tani 100,000 kuelekea mwaka 2000. Anayedharau kazi ile hajawahi kuona mkorosho uliopauka maua.

Lakini tazama miaka. Ubwiriunga ulitambuliwa rasmi nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati mavuno yalikuwa yameshaanza kuanguka tangu 1974. Katika miaka hiyo hiyo, Operesheni Vijiji iliwahamisha wakulima na kuwaweka mbali na mikorosho yao. Mashamba yakawa mapori. Na sehemu anayopata mkulima katika bei ya korosho ikawa inapungua. Swali la ugonjwa lilikuwa na mfadhili, lilikuwa na maabara, lilikuwa na wataalamu. Swali la umbali kati ya nyumba mpya na mkorosho wa zamani, na swali la bei, hayakuwa na mwito. Tena hayakuwapendeza viongozi wa wakati ule, maana yalirudi kwetu. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba swali baya hutoka nje siku zote na swali zuri hutoka ndani. Mfadhili anayo sababu yake ya kupenda swali la vijidudu, na mrasimu wa kwetu anayo yake. Wakati mwingine sababu hizo mbili hukutana mezani na kupeana mikono.

Sasa tuje karibu na Dar es Salaam. Kata ya Chamazi, Temeke, mbele ya Mbagala, inajulikana na wengi kwa uwanja wa mpira. Wanavyuo wa mipango miji wanaijua kwa jambo jingine. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa watu Kurasini, baadhi yao, wengi wakiwa wapangaji ambao hawakuwa na fidia ya kutegemea, walijipanga katika Shirikisho la maskini wa mijini, wakajihesabu wenyewe nyumba kwa nyumba, wakaweka akiba, wakanunua ekari 30 Chamazi na kuanzisha ushirika wa nyumba wa Muungano. Matofali walifyatua wenyewe. Watafiti wa vyuo vya hapa na vya Ulaya wameuandikia sana ushirika ule, na ni haki yao. Ni jambo la kuandikwa.

Nimepata kuongoza darasa la itikadi huko, na tulipofika kwenye mada ya elimu na kujitegemea, mama mmoja alisema maneno haya: "Mwalimu, hawa vijana wa chuo wanatuuliza vyoo vyetu ni vya aina gani. Mwaka unaofuata wanakuja wengine wanauliza vyoo vile vile. Je, kuna aliyewahi kutuuliza sisi tungependa kujua nini?" Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Tukachukua ubao tukayaandika. Maji ya visima vilivyochimbwa karibu na mashimo ya vyoo ni salama kiasi gani, na nani anapima? Waliohamishwa Kurasini ambao hawakufika Chamazi waliishia wapi? Anayefanya kazi Kariakoo anaacha sehemu gani ya ujira wake kwenye daladala? Ardhi iliyonunuliwa kwa pamoja inabaki vipi ya pamoja, wakati bei ya viwanja imepanda na madalali wanabisha hodi?

Maswali hayo yana uzito wa kitaaluma usiopungua wa mwito wowote. La mwisho ni swali la nadharia kabisa, maana linahusu mgongano kati ya mali ya ushirika na soko la ardhi, na mwanafunzi wa uzamili angeweza kulifanyia kazi miaka mitatu. Lakini andiko dhana likiandikwa juu ya Chamazi leo, fomu haina mahali pa kuonyesha kwamba maswali hayo yapo. Ina mahali pa kutaja "walengwa". Neno hilo lenyewe linatosha kutueleza: anayelengwa ni yule anayesimama upande mwingine wa mshale.

Hapa wapo ndugu zetu watakaodakia: basi Chama, au wizara, vipitishe maswali. Naipinga rai hiyo, na naipinga kutokana na historia yetu wenyewe. Mwaka 1970 vijana wa Mlimani walikuwa na jarida lao, Cheche, lililotolewa na umoja wa wanafunzi wanamapinduzi pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU. Ndani yake Issa Shivji alichapisha uchambuzi wake juu ya nani hasa ananufaika na makampuni yaliyotaifishwa, na mikataba ya uendeshaji iliyobaki mikononi mwa makampuni ya nje. Novemba mwaka huo Cheche ilizimwa. Uchambuzi ule haukuwa na ruzuku wala barua ya kuunga mkono. Ulitokana na vijana waliokaa na kujiuliza jambo linalowahusu wafanyakazi na wakulima wa nchi yao, na bado unasomwa wakati ripoti nyingi zilizoidhinishwa miaka hiyo zimeliwa na mchwa. Kama swali lile lingepelekwa kwanza kwenye kamati ya kisiasa kuombewa kibali, lisingetoka. Karibu nasi zaidi, marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi. Juni 2019 kifungu hicho kikalegezwa. Nchi ilijifunza kwa mwaka mmoja kwamba takwimu isiyoruhusiwa kupingwa haiaminiki hata ikiwa sahihi. Na Azimio la Dar es Salaam la Aprili 1990, ambalo wanataaluma wetu waliliandika juu ya uhuru wa kitaaluma, liliuweka uhuru huo pamoja na wajibu wa mwanataaluma kwa jamii katika waraka mmoja. Makada wengi hukumbuka nusu ya pili. Wahadhiri wengi hukumbuka nusu ya kwanza.

Kinachotakiwa ni kuubadilisha mpangilio wa kazi, yaani swali litangulie mwito. Idara inaweza kuwa na daftari la maswali, linalojazwa kabla mwito wowote haujatangazwa. Wahadhiri waandike yao; wanafunzi wanaorudi kutoka mafunzo kwa vitendo waandike waliyoyasikia; ofisi za kata, vyama vya ushirika, matawi ya vyama vya wafanyakazi, zahanati, nao waulizwe walau mara moja kwa mwaka. Idara iyajadili hadharani, ipange yapi mazito na yapi ni ya kuuliza tu kwa afisa maji wa wilaya. Mwito ukija, kazi ya kamati inakuwa fupi kuliko sasa: hili andiko linajibu swali gani katika daftari? Kama halijibu lolote, mtafiti aeleze kwa maandishi kwa nini linafaa hata hivyo. Akieleza vizuri apite, maana lipo swali la fizikia au la isimu ambalo hakuna mkazi wa Chamazi angelifikiria na bado lina haki ya kuulizwa. Kamati nayo ikikataa, iandike sababu yake na itie majina, ili urasimu usipate pa kujificha.

Kuna la lugha pia, na silioni kuwa dogo. Andiko linalohusu watu wa mahali fulani liwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, usomwe kwenye mkutano wa mtaa kabla ya saini ya Amidi. Watu wakiuliza takwimu zitakaa wapi na nani atazirudisha, majibu yao yaambatishwe. Utaratibu huu tumewahi kuukaribia: kati ya 1975 na mwisho wa muongo ule, mradi wa Jipemoyo, ulioendeshwa na Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana pamoja na Chuo cha Taaluma cha Finland, uliwafanya wanavijiji na wafugaji wa Bagamoyo magharibi kuwa washiriki katika utafiti juu ya maisha yao. Fedha nyingi zilikuwa za nje. Mfano huo unatosha kuonyesha kwamba mfadhili wa nje anaweza kukubali swali lililopangwa hapa, endapo hapa kuna aliyelipanga.

Yatasemwa mawili ya kupinga. La kwanza ni muda: mwito wa siku kumi hausubiri mkutano wa mtaa. Ndiyo maana daftari hujazwa kabla. Idara yenye maswali yaliyokwisha kujadiliwa itaandika haraka kuliko ile inayoanza kutafuta tatizo la kufanana na mada. La pili ni zito zaidi. Itasemwa kwamba chuo kitakachoanza kukataa fedha kitaachwa nyuma na vyuo vingine visivyokataa, na kwamba yale maswali ya mama wa Chamazi hayatapata mfadhili hata yakiandikwa kwa wino wa dhahabu. Ni kweli kwa sehemu. Umoja wa Afrika ulipokutana Khartoum mwaka 2006 nchi zilikubaliana kutumia walau asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti, nasi hatujaifikia. Mwenye kudai maswali ya kitaifa bila kudai fedha za kitaifa anafanya mzaha. Lakini katika miaka ya karibuni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimetenga fedha zake chenyewe kwa ajili ya utafiti unaoshindaniwa ndani ya chuo. Mahali penye fungu kama hilo, hata likiwa dogo, kanuni ya kuligawa iko mikononi mwa chuo na si mwa mfadhili. Kanuni hiyo inaweza kusema kwamba fungu la ndani litaanza na maswali ambayo yamekaa katika daftari la idara miaka miwili bila kupata mwito, na kwamba kupima maji ya visima ishirini katika kata moja, kazi ya mhadhiri mmoja na wanafunzi wanne kwa muhula mmoja, ni andiko halali kama lingine lolote.